Kaseti ya Vurugu

Mwalimu wa mbwa aliyeitwa Mzee Tulia hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole. Alipewa kwa sababu neno hilo lilimtoka kinywani mara mia kwa siku, na wenzake kazini, walipochoka kulisikia, waliona afadhali wamrudishie mwenyewe. "Tulia," angemwambia mbwa. Nusu dakika baadaye, mtu mwingine akigonga sufuria kwa mwiko hatua tano kutoka hapo, angemwambia mbwa yule yule kwa sauti ile ile, "Tulia." Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja katika uwanja wa kampuni ya ulinzi, nyuma ya maghala, mahali penye kokoto, mabanda kumi na mawili ya waya na duara moja jeupe lililopakwa rangi juu ya saruji.

Mbwa aliyeambiwa akae ndani ya duara lile hakuruhusiwa kutoka mpaka asikie neno "haya". Paka apite, mpira udunde, nyama ianguke, yeye yumo tu. Walinzi wapya walidhani ni jambo dogo. Mzee Tulia alikuwa na hotuba yake kwa ajili yao, na wale waliokwisha kuisikia walikonyezana kila alipoianza.

"Mbwa hafundishwi kusikia," angesema. "Kusikia amezaliwa nako, tena anakushinda wewe. Anafundishwa kusikia mengi na kufuata moja."

Njia yake ilikuwa ya mtu asiye na haraka. Kwanza mbwa alikaa kwenye duara pakiwa kimya. Kisha kelele ililetwa, lakini mbali, kule getini, tena ndogo. Kila mbwa alipotoa macho kwenye kelele na kumtazama mwalimu, alipata kipande cha ini la kuchemsha kutoka kwenye mfuko uliofungwa kiunoni. Siku ya pili kelele ilisogezwa hatua moja, ya tatu nyingine. Mbwa alijifunza kwamba dunia ikichafuka, pa kutazama ni usoni mwa mtu wake. Baada ya miezi mitatu ungeweza kupiga ngoma puani mwake naye angemtazama Mzee Tulia tu, kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa kutoka darasani.

Kelele yenyewe ilitoka kwenye kaseti. Watu wa pale waliiita kaseti ya vurugu, na ilirekodiwa jikoni kwa Mzee Tulia miaka kumi na minne nyuma, walipokuwa bado wanakaa kwenye nyumba za kampuni, zile zilizopakana na uwanja. Kabla ya hapo alikuwa akiwaomba wenzake wamgongee sufuria, nao waligonga mara mbili, wakacheka, wakaenda zao. Mke wake ndiye aliyemtoa kwenye shida hiyo.

"Vurugu?" alimwambia. "Vurugu ninayo ya kutosha humu ndani. Lete hiyo redio uje uichukue."

Waliweka redio ya kaseti juu ya meza ya jikoni wakabonyeza kitufe chekundu. Mke aliangusha mifuniko. Binti yao, wakati huo ana miaka minane, alidundisha mpira ukutani. Jirani mwenye pikipiki aliombwa aje aivumishe chini ya dirisha, akaivumisha kwa moyo wote hata wakajuta. Kisha mlango ukabishwa hodi, hodi tena. Mzee Tulia alisimama katikati na saa yake mkononi, akiwaelekeza kwa kidole kama askari wa barabarani, hana habari kwamba watu wana njaa.

Nusu saa ilipopita mke alichoka. Alipakua chakula, akaweka sahani mezani, na kitufe chekundu kikiwa bado chini, akaita: "Baba Watoto, njoo ule. Njoo, chakula kinapoa. Hao mbwa hawatakukimbia."

Alimwita Baba Watoto ingawa mtoto alikuwa mmoja. Akiulizwa, alisema wengine wako kazini kwa baba yao, wana mikia.

Ukiisikiliza kaseti hiyo, baada ya maneno hayo unasikia mtu akisema "shhh" kwa ukali, halafu mwanamke anacheka, halafu redio inazimwa. Mzee Tulia alitaka kuifuta sehemu ile. Hakuifuta, maana alipoijaribu aligundua kwamba ndiyo iliyowashinda mbwa kuliko zote. Sufuria wanazizoea, pikipiki wanaizoea. Lakini sauti ya upole inayosema njoo ule, na sahani zinalia nyuma yake, hiyo ni kazi nyingine. Mbwa aliyeikalia hiyo ameiva. Meneja aliipenda akaifanya ndiyo mtihani wa mwisho wa kampuni, na kwa kaseti hiyo Mzee Tulia alifuzisha mbwa thelathini na wanne.

Siku ile ya kurekodi alirudisha mkanda akausikiliza mara mbili, na alipokwenda mezani chakula kilikuwa kimepoa. Hakikupoa siku hiyo tu. Kwa miaka yote waliyokaa pale, mke alikuwa akimwita kutoka mlango wa nyuma, sauti ikavuka ua mpaka uwanjani, naye akajibu, "Nakuja." Kisha angemrudisha mbwa kwenye duara mara moja ya mwisho, na baada ya hiyo, mara moja nyingine ya mwisho. Mke alikuwa amezoea kufunika sahani yake kwa sahani nyingine. Hakugombana naye sana kwa jambo hilo. Pengine angegombana, ingekuwa afadhali.

Alikufa mwaka uliopita, baada ya kuugua miezi minne. Binti alikwisha kuolewa mbali, na kila Jumapili alipiga simu. "Baba, umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" Hapo Mzee Tulia alitaja kitu chochote kilichomjia. Nyumba za kampuni zilikuwa za wenye familia, kwa hiyo baada ya matanga alipewa mwezi mmoja ahame. Alipanga chumba kimoja upande wa pili wa barabara kuu, chenye meza, jiko, kitanda na viti viwili. Kiti cha pili alikichukua kwa mazoea tu. Mwenye nyumba alimwambia mambo matatu hayataki: makelele, kuchelewesha kodi na mnyama wa aina yoyote. Mzee Tulia aliyakubali yote.

Miezi miwili baada ya msiba ndipo alipoletwa Karani.

Alikuwa mbwa wa kahawia, kifua kipana, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Jina alipewa na mpishi wa mbwa, mama mmoja mnene wa maneno na mwembamba wa mwili, aliyeitwa Mama Jungu kwa sababu ya lile jungu kubwa alilopikia. Alisema mbwa yule alikuwa anakutazama kama anataka kukuandika kwenye faili. Na kweli, mbwa wengine humtazama mtu wanapotaka kitu. Karani alitazama muda wote. Ukijikuna, ameona. Ukipiga mwayo, ameona, na pengine akapiga na yeye. Alishika mafunzo upesi kuliko mbwa yeyote aliyepita pale, na Mzee Tulia, ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye kutwa nzima, alianza kumsimulia mambo. Alimsimulia bei ya mafuta ya taa. Alimsimulia ndoto. Karani alisikiliza yote, sikio moja juu.

Alipofanyiwa mtihani alifeli.

Ilikuwa ajabu. Mifuniko ilianguka, hakugeuka. Mpira, pikipiki, hodi, yumo tu kwenye duara kama kapigwa misumari. Kisha kaseti ikasema, "Baba Watoto, njoo ule," na Karani akainuka. Hakuifuata redio. Alitoka kwenye duara taratibu, akaenda mpaka kwa Mzee Tulia aliyesimama hatua kumi mbele yake, akasimama mbele ya miguu yake, akamtazama.

"Njaa hiyo," alisema meneja, akaweka alama kwenye karatasi. "Kasikia habari za chakula."

Walimpa mwezi mmoja wa marudio. Mzee Tulia alimlisha vizuri kabla ya mtihani wa pili, tena shibe ya kweli, na Karani akafanya vile vile. Hatua zile zile, mpaka kwenye miguu ile ile.

Uwanjani pale palikuwa na sheria, na sheria yenyewe ilikuwa na neno lake la adabu. Mbwa akifeli mara tatu, anaondolewa. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Daktari wa mifugo alikuja na mkoba wake siku ambayo watu wamepangiwa kazi sehemu nyingine, na waliporudi banda lilikuwa limeoshwa. Kumgawa mbwa wa namna ile haikuruhusiwa, maana amefundishwa kuuma, na mtu asiyemjua akimchezea, kesi inairudia kampuni. Hata kama ingeruhusiwa, Mzee Tulia angempeleka wapi? Mwenye nyumba alikwisha kusema.

Mtihani wa tatu uliwekwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Zilibaki siku kumi na moja.

Mzee Tulia alifanya kila alichokijua. Alimpa ini, akamnyima ini. Alisogeza redio, akapunguza sauti, akaongeza. Kila kaseti ilipofika pale, mbwa aliinuka, na siku ya pili ya hangaiko hilo Mzee Tulia alimfokea, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mbwa yeyote kwa miaka mingi. Karani alilaza masikio yote mawili akaendelea kumtazama. Mzee Tulia aliona haya, akaenda kukaa kwenye kivuli cha jiko.

Mama Jungu alikuwa mlangoni anachuja mchuzi wa mifupa. Dirisha la jiko lake lilitazama duara, na kwa miaka mingi alikuwa ameona mitihani yote bila kulipa kiingilio.

"Mzee, nikuambie kitu usikasirike?"

"Ukianza hivyo nimeshakasirika."

"Basi kwa kuwa umeshakasirika, nakuambia. Yule mbwa haamshwi na kaseti. Unamwamsha wewe."

Mzee Tulia alimtazama.

"Mama watoto akiita, mabega yako yanapanda," alisema Mama Jungu. "Kidogo tu, hivi. Na mguu wa kulia unachomoka mbele. Unataka kwenda. Huyo Karani anaona unataka kwenda, anaamka mwende wote. Kosa lake nini?"

"Mimi sitikisiki. Nimeisikia kaseti hiyo maisha yangu yote."

"Zamani ulikuwa hutikisiki, nilikuwa nakuona. Sasa unatikisika."

Mzee Tulia alisema hana kazi na maneno ya jikoni, akataka kuondoka. Mama Jungu hakubishana. Alichukua kikombe cha bati, akakijaza maji mpaka ukingoni kabisa, akamwekea mkononi. Akaenda mwenyewe kwenye redio akairudisha, akabonyeza. Mifuniko ikaanguka, mpira ukadunda, pikipiki ikavuma, mlango ukabishwa. Maji yalitulia kama yamo mtungini. Kisha sauti ikaita, na maji yakamwagikia vidole vya Mzee Tulia, yakashuka mpaka kwenye kiwiko.

Kule kwenye banda lake, Karani alikuwa amesimama.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Mzee Tulia, na sauti yake haikuwa na ubishi tena.

"Unaniuliza mimi? Wewe unawafanyaje?"

"Naanzia mbali."

"Basi tutaanzia mbali."

Kwa hiyo, kuanzia siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana wengine walipotoka, mwalimu wa mbwa alikalishwa kwenye kigoda katikati ya duara jeupe na kupewa kikombe cha maji. Mama Jungu alibeba redio mpaka getini, akaiwasha kwa sauti ndogo. "Tulia," alimwambia kutoka kule, na alilifurahia neno hilo kuliko ilivyolazimu. Kila maji yasipomwagika alimletea kipande cha mkate. Mzee Tulia alikula mkate ule huku akilalamika kwamba hata chumvi hauna. Karani alifungwa kwa kamba kando ya duara, akiyatazama yote kama mtu aliyekuja kukagua.

Siku ya kwanza, hata kwa mbali vile, maji yalimwagika. Ya pili pia. Ya tatu hayakumwagika, na redio ikasogezwa.

Siku ya tano, redio ikiwa imefika nusu ya uwanja, Mzee Tulia alikiweka kikombe chini kabla kaseti haijafika mahali pake.

"Mimi siendelei," alisema.

Mama Jungu alizima redio akaja.

"Unajua unanifundisha nini?" Mzee Tulia alimuuliza. "Nimefundisha mbwa thelathini na wanne wasimsikie mke wangu. Sasa zamu yangu. Sauti yake iko hapa tu, Mama. Sina nyingine. Picha ninazo, lakini picha hainiiti. Kila hiyo kaseti inapofika pale, kuna kitu ndani kinasema, inuka, unaitwa. Najua siitwi. Lakini kwa kile kitambo kidogo kabla sijajua, naitwa. Wewe unataka nikizoee kama pikipiki."

Mama Jungu alifuta mikono kwenye khanga, kisha akafuta tena mikono ambayo ilikuwa mikavu.

"Sitaki umsahau," alisema mwishoni. "Nataka Ijumaa usimame, basi. Ukishindwa na ushindwe, mimi sitakudai. Ila daktari atakuja na ule mkoba."

Karani alikuwa amelala, kidevu juu ya saruji, macho yake yanatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Mzee Tulia alimtazama kwa muda. Alifikiri kwamba mbwa yule alikuwa amefanya kosa moja tu, nalo lilikuwa kumwamini mtu mzima ambaye hakujiweza. Kisha akaokota kikombe.

"Jaza," alisema. "Yamemwagika kidogo."

Siku ya saba redio ilikuwa hatua kumi. Siku ya tisa ilikuwa hatua mbili, sauti juu, na kaseti ilipoita, "Baba Watoto, njoo ule. Njoo, chakula kinapoa," maji hayakusogea hata ukingoni. Yalikuwa yanaonyesha mbingu na ukingo wa paa la ghala. Mama Jungu alipiga makofi mara moja, akamletea mkate wote uliobaki.

"Umefaulu. Mbona uso huo?"

"Nimefaulu," alisema Mzee Tulia.

Hakumweleza. Sauti ilipoita, alikuwa anafikiria sabuni. Alikuwa anajiuliza kama amebakiza sabuni ya kufulia chumbani, na mkewe akapita katikati ya wazo hilo kama jirani anayepita dirishani, wala wazo halikukatika. Alikula mkate wake. Aliurudisha mkanda kwa kidole akauweka mahali pake, na alipokuwa anavuka barabara kuu kwenda kwake aliona upweke ambao hakuwa ameuona hata siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi alikuwa na watu, na pia alikuwa bado anaitwa.

Ijumaa asubuhi meneja alikuja na ubao wake wa karatasi. Alikuja pia mlinzi wa ghala moja la mbali, kijana mrefu mwenye viatu vipya, ambaye angemchukua Karani iwapo angefaulu. Mama Jungu alikuwa dirishani, na jungu lake lilikuwa linaungua bila yeye kujali.

Mzee Tulia alimpeleka Karani kwenye duara. "Kaa. Tulia." Alirudi nyuma hatua kumi akageuka. Meneja akabonyeza redio.

Mifuniko ilianguka. Karani hakuitazama. Mpira wa binti wa miaka minane ulidunda ukutani, ukadunda, ukaponyoka, ukafuatwa. Pikipiki ikavuma mpaka dirisha la jiko la miaka kumi na minne nyuma likatetemeka ndani ya redio. Hodi. Hodi tena. Sikio moja la Karani lilikuwa juu, na macho yake yalikuwa kwenye mabega ya Mzee Tulia, maana mbwa yule alijua kinachofuata sawasawa na mtu.

"Baba Watoto, njoo ule."

Mzee Tulia alisimama. Mbwa alimtazama, akasubiri. Mkia ulifagia saruji mara moja, kama anayeuliza.

"Njoo, chakula kinapoa."

Hakuna kilichopanda, hakuna kilichosogea. Mguu wa kulia ulikuwa mahali pake. Alimtazama Karani machoni na Karani akamtazama yeye, na mbwa akaelewa kwamba leo hawaendi.

"Hao mbwa hawatakukimbia." Kisha shhh, kisha kicheko, kisha kimya.

Meneja alihesabu mpaka kumi kama sheria ilivyotaka. "Mwachie," alisema.

"Haya," alisema Mzee Tulia, na Karani akatoka kwenye duara mbio, akampiga kifuani kwa miguu yote miwili ya mbele.

Alama iliwekwa. Meneja alimpa mkono, akasema alikwisha kujua kuwa ni mambo ya njaa tu. Kijana mwenye viatu vipya alikabidhiwa kamba. Mzee Tulia alimweleza kwamba mbwa huyu hapendi kuguswa sikio lililokunjika, kwamba anapenda kusimuliwa, na kwamba awe mwangalifu na mwili wake, kwa sababu chochote atakachotaka kufanya Karani atakijua kabla yake. Kijana alisema, "Sawa, mzee," kwa namna ya mtu ambaye hakushika hata moja. Mwalimu hakutakiwa kumuaga mbwa kwa sauti, maana humchanganya. Aligeuka akatazama ukuta wa jiko mpaka aliposikia gari linatoka getini.

Alipogeuka tena, meneja alikuwa anafunga ubao wake.

"Naomba niende na redio nyumbani Jumamosi na Jumapili," alisema Mzee Tulia. "Kichwa chake cha kusomea mkanda kinahitaji kusafishwa."

"Chukua tu. Isije ikatafuna mkanda."

Jua lilikuwa bado halijatua alipofika chumbani. Aliiweka redio juu ya meza, akavuta kiti kimoja akakiweka kando ya mlango, akaketi. Aliiwasha, akasikiliza. Mifuniko, mpira, pikipiki, hodi. Mke wake akamwita mpaka mwisho, akacheka, redio ikanyamaza, naye alikuwa bado ameketi mikono juu ya magoti, ameketi vizuri kabisa, hakuna tone ambalo lingemwagika.

Hofu ilimshika hapo. Aliwaza kwamba sasa kazi imekwisha, ameiva, naye atakaa hivi hivi.

Alikaa hivyo muda mrefu mpaka likamjia jambo ambalo lilikuwa sheria ya duara lake mwenyewe, akashangaa lilivyompita. Mbwa hatoki kwenye duara kwa kuwa amesahau kutoka. Hatoki kwa kuwa hajaambiwa. Na Mama Jungu, katika siku zile zote, na mkate wake wote, hakumwambia hata mara moja.

Aliurudisha mkanda mpaka mwanzo, akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni. Mifuniko ilianguka. Mpira ukadunda, na pikipiki ya jirani ikavuma. Mlango ukabishwa mara ya kwanza, ukabishwa mara ya pili.

"Haya," alijiambia kwa sauti.

Aliinuka. Ni hatua nne kutoka mlangoni mpaka mezani, na alizikata zote kabla kaseti haijafika. Alivuta kile kiti cha pili, akaketi, akasogeza mikono yake pembeni kama mtu anayempisha mwingine aweke sahani. Juu ya meza hapakuwa na kitu isipokuwa redio.

"Baba Watoto, njoo ule," mke wake aliita. "Njoo, chakula kinapoa."

"Nimeshafika," alisema Mzee Tulia.

Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akichelewa. Leo aliwahi.